Wiki tatu ambazo hakuna aliyemweleza: kisa cha dereva wa tuktuk na dawa za wasiwasi

"Chukua dawa yako, dada. Yaniua hii."

Aliisukuma juu ya kaunta karatasi ya fedha ya kapsuli kumi. Tano zilikuwa zimetoka, tano zimebaki. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwishoni mwa Novemba 2024. Duka letu la dawa liko Mombasa, upande wa kisiwani, unapoteremka kuelekea feri ya Likoni, na watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni. Mkono wake ulitetemeka hadi ile karatasi ikawa inagonga kioo cha kaunta. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, na jua bado halijachachamaa. Nilimkumbuka vizuri, kwa sababu Jumatatu ya wiki ile ile mimi ndiye niliyempa dawa ile.

Dawa yenyewe ni fluoksetini ya miligramu 20, ambayo wengine huijua kwa jina la Prozac. Ilikuwa dawa sahihi kwa ugonjwa sahihi, imeandikwa na daktari anayeijua kazi yake. Hata hivyo mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa hali mbaya kuliko siku aliyoichukua. Nakisimulia kisa hiki kwa idhini yake, nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike, na nakisimulia kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Ana miaka 37, dereva wa tuktuk, mkaazi wa Likoni, ana mke na watoto watatu. Jambo lake lilimwanza Aprili mwaka huo, ndani ya feri. Alikuwa amebeba abiria wawili, akapangwa katikati ya magari: lori mbele, matatu nyuma, na ubavuni watu wa miguu wamesongamana bega kwa bega. Kivuko cha Likoni ni kama nusu kilomita tu. Feri ikishang'oa, ng'ambo si mbali. Lakini katikati ya maji moyo ukaanza kumwenda mbio, pumzi ikawa haishuki, vidole vikaingia ganzi, na akawa na yakini kwamba anakufa pale pale na hakuna mlango wa kutokea. Abiria wake mmoja, mama wa makamo, alimshika mkono akawa anamsomea dua mpaka wakafika. Dakika ishirini baadaye, juu ya nchi kavu, mambo yote yakatulia, akabaki amechoka kama aliyepakua magunia kutwa nzima.

Hilo huitwa shambulio la hofu. Mwili una kengele yake ya hatari, na kengele hiyo ikilia humwaga adrenalini damuni ili mtu akimbie au apigane. Moyo hupiga kasi, jasho hutoka, mtu huhema kupita kiasi hadi kaboni dioksidi damuni ikapungua, na ndiyo maana vidole na midomo hufa ganzi. Shambulio hufika kileleni kwa dakika chache, kisha hushuka lenyewe. Haliui. Lakini anayelipata kwa mara ya kwanza atalijuaje hilo? Na hapa kwetu akili hukimbilia mambo mawili: moyo, au majini.

Alizifuata njia zote mbili. Hospitali moja alifungwa nyaya kifuani kwa kipimo cha ECG, moyo ukaonekana mzima, akaambiwa "huna kitu" na kurudishwa nyumbani. Neno hilo limewapoteza watu wengi. Mtu ametoka kuyaona mauti kwa macho yake, nawe wamwambia hana kitu; atakachosikia ni kwamba ugonjwa wake haujapatikana, basi atazidi kuutafuta. Mama yake akampeleka kwa shekhe, akasomewa, akanywa kombe. Sina neno baya juu ya hilo. Shekhe yule alipomaliza kusoma alimwambia, "Mwanangu, na hospitali urudi." Wangapi wenye madigirii hawatoi ushauri mzuri kama huo.

Kilichomuumiza zaidi ni jina. Wasiwasi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mnong'ono wa shetani ndani ya kifua. Ukimwambia Mswahili kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi, sikio moja husikia ugonjwa na la pili husikia kwamba imani yake ina kasoro. Mtu huyu haachi sala, na alianza kujilaumu kwamba labda hasali vya kutosha. Tunaotoa dawa hulitamka neno hili ovyo, bila kulipima. Mimi siku hizi humwambia mtu kwamba kengele yake yalia na moto hakuna, na kwamba kengele ina fundi wake.

Mwezi wa Juni dereva mwenzake akampa kidonge kimoja cha Valium.

"Siku ile, dada, nililala kama mtoto. Asubuhi nikavuka feri mara tatu, moyo hata haukushtuka."

Namwamini, kwa sababu ndivyo dawa ile inavyofanya kazi. Valium ni diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963 kutoka kampuni ya Roche ya Uswisi, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa zaidi duniani. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, GABA, na diazepamu huitia nguvu kemikali hiyo, kama mtu anayeongeza mguu wake juu ya mguu wa dereva kwenye breki. Ndani ya saa moja umetulia. Ndugu zake wa tumbo moja ni lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu, na pia flunitrazepamu, ile ambayo vijana wa Mombasa huijua kwa jina la bugizi. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba Valium ya mama mwenye heshima zake na bugizi ya kijana wa maskani ni ukoo mmoja.

Ubaya wa breki hii ni kwamba mwili huizoea. Baada ya wiki chache ubongo hulegeza breki zake wenyewe, kwa kuwa upo mguu wa kukodi unaofanya kazi hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 5 kikawa viwili, viwili vikawa vitatu, na kufika Oktoba alikuwa anameza vinne kwa siku. Alivinunua kwenye duka moja la mtaani bila cheti cha daktari, ingawa sheria ya Kenya yataka cheti. Sitalitaja duka hilo. Nitasema tu kwamba aliyekuwa akimuuzia alimwona kila wiki kwa miezi mitano na hakumuuliza swali hata moja.

Vinne hivyo vilikuwa na kazi nyingine ambayo sikuijua mpaka baadaye. Mtu wetu ni mla muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mwezi wa Mei mwaka ule kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, mahakama ikaisimamisha amri, maneno yakawa mengi redioni, na yeye hakuukosa hata siku moja. Alikuwa akiuanza baada ya alasiri, mfuko kando ya usukani na njugu zake, ili apate kufanya kazi hadi saa nane za usiku. Ndani ya majani yale mna kathinoni, kemikali ya jamii moja na zile za kuamsha, na yenyewe huufanya moyo upige, mikono itetemeke na usingizi ukimbie. Basi jioni alikuwa anajiwasha kwa muguka, usiku anajizima kwa Valium. Asubuhi akiamka moyo wampiga, aamini ni ugonjwa, ameze kingine. Na muda wote huo anabeba abiria, diazepamu ya miligramu 20 mwilini, katika barabara ambayo malori ya kontena hayamsubiri mtu mwenye mikono mizito.

Novemba mkewe alishika hatamu, akampeleka kliniki. Daktari yule alimsikiliza, akapima damu ili kuona kama tezi ya shingo ndiyo inayouendesha moyo mbio, kwa sababu tezi hiyo ikizidisha kazi huiga ugonjwa wa wasiwasi kwa kila kitu. Majibu yakarudi sawa. Akamwambia ana ugonjwa wa mashambulio ya hofu, akamwandikia fluoksetini moja kila asubuhi, na chini yake: "Acha Valium." Alipoulizwa anameza Valium ngapi alijibu, "Mara moja moja." Aliona haya kusema vinne mbele ya mkewe. Muguka hakuulizwa, naye hakuutaja.

Kisha akaja kwangu. Nyuma yake kulikuwa na watu saba. Nikaandika kwenye bahasha "1 asubuhi, baada ya chakula", nikamwambia yale yale kwa mdomo, nikachukua pesa, nikamgeukia aliyefuata. Sikumwambia kwamba dawa hii haitulizi leo wala kesho. Sikumwambia kwamba wiki ya kwanza na ya pili huenda wasiwasi ukazidi kabla ya kupungua. Sikumuuliza ni dawa gani nyingine anazotumia.

Ndipo zikaja zile siku tano, na hapa ndipo kisa chenyewe kilipo.

Nilimkalisha nyuma ya kaunta, nikampima: mapigo 118 kwa dakika, presha 152 kwa 94. Nikamtaka anisimulie siku moja moja. Jumatatu, kitu hakuna. Jumanne na Jumatano, kichefuchefu, tumbo kuvuruga, na hali ya kutotulia, "kama mtu niliyenywa kahawa chungu vikombe kumi." Alhamisi usiku hakulala. Ijumaa mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka akiwa amekaa kitako, honi ya boda ikawa yamchoma masikioni, mwanga wa dukani wamuumiza macho, na mashambulio mawili yakamjia akiwa nyumbani, mahali ambapo hayakuwahi kumfuata.

"Valium ya mwisho ulimeza lini?"

"Jumapili usiku. Daktari alisema niwache, nikawacha."

"Zilikuwa ngapi kwa siku?"

Akaangalia chini. "Nne."

"Na muguka?"

Hakujibu upesi. Kisha akasema alikuwa ameongeza, maana hakulala na kazi ilikuwa lazima ifanyike.

Tazama jinsi dawa mpya ilivyobebeshwa lawama yote. Kichefuchefu na kule kutotulia kwa Jumanne ni kweli ni kazi ya fluoksetini. Dawa za kundi hili, pamoja na setralini na esitalopramu, huzuia serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, isizolewe upesi kati ya mishipa ya fahamu, na kuzuia huko huanza siku ile ile. Lakini ubongo huchukua wiki kadhaa kujipanga upya, na nafuu ya wasiwasi hutoka kwenye kujipanga huko. Madhara huja mbele, faida nyuma. Kwa wenye mashambulio ya hofu jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mtu anayeviziavizia mapigo ya moyo wake atalisikia kila badiliko dogo mwilini na kuliita kifo. Ndiyo maana wengi huanzishiwa nusu ya dozi ya kawaida.

Lakini mtetemeko, jasho, masikio na macho kuwa makali, hiyo si fluoksetini. Hiyo ni diazepamu ambayo mwili waidai. Kwa nini basi ilichelewa hadi Ijumaa? Kwa sababu diazepamu haina haraka ya kuondoka. Hukaa mwilini siku kadhaa, na ini likiivunja hutoa kemikali nyingine inayofanya kazi ile ile na kudumu muda mrefu zaidi. Anayeacha heroini huumwa ndani ya siku moja. Anayeacha Valium huweza kukaa siku nne, tano, hata wiki, akidhani ameponyoka. Na kama katikati ya siku hizo alianza dawa nyingine, itabeba dhambi isiyo yake. Juu ya hayo mawili muguka ukawa unamwaga mafuta ya taa.

Nilitumia neno ambalo kila mtu wa Pwani analijua, la maumivu ya mraibu aliyekosa dawa yake. Nikamwambia, "Hiyo ni arosto."

Akasimama. "Mimi si teja, dada!"

Nilijutia neno, si maana yake. Nikamwomba akae, nikamweleza kwamba mwili haujui tofauti kati ya dawa ya dukani na unga wa kichochoroni. Mwili hujua tu kwamba kitu ulichokizoea kila siku hakikuja. Mama wa miaka sitini aliyemeza lorazepamu kila usiku kwa mwaka mzima atatetemeka vile vile. Si tabia mbaya, wala si udhaifu wa mtu. Na nikamwambia lile lililokuwa lanitisha mimi: kuacha kwa ghafla, kwa kiwango kama chake, huweza kuleta degedege kama la kifafa, na degedege hilo limewahi kuua watu.

Aliniomba nimpe vinne vya siku ile tu. Wengi wangempa kwa huruma, na wengi wangemfukuza kwa kuogopa sheria. Mimi nililiona kosa la tatu, ambalo ndilo la kawaida zaidi: kumwambia "rudi kwa daktari" na kumwacha aende peke yake, na kliniki haifunguliwi mpaka Jumatatu. Nikampigia daktari simu hapo hapo, nikamsomea mapigo na idadi ya vidonge. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nne? Mlete sasa hivi." Mdogo wa dereva akaja kumchukua, tuktuk ikabaki mbele ya duka letu hadi magharibi.

Siku hiyo alirudishiwa diazepamu, mara hii kwa cheti, kwa kipimo, na mkewe akiishika yeye. Wiki iliyofuata alionwa na daktari wa magonjwa ya akili. Aliogopa sana neno hilo, kwa sababu mtu wa Mombasa ukimtajia kliniki ya akili atauliza, "Kwani nimefika Port Reitz?", kana kwamba wodi ya akili ya hospitali ile ni ya wendawazimu tu na si mahali pa kutibiwa kama pengine. Mkewe alimjibu kwamba kama ni Port Reitz, yeye atambebea chai.

Daktari yule aliibadilisha fluoksetini. Sababu zake zafaa kuelezwa. Kwanza kapsuli ya miligramu 20 haikatiki, na setralini ya miligramu 50 ina mstari katikati, mtu aweza kuanza na nusu. Pili fluoksetini hulichelewesha ini kuivunja diazepamu, na hapa palikuwa na diazepamu ya kushushwa kwa hesabu. Sio kwamba fluoksetini ni mbaya. Wapo wateja wangu wengi inayowafaa. Akaanzishiwa setralini miligramu 25 kwa wiki moja, kisha 50, na diazepamu ikaachwa pale pale kwa wiki mbili hadi mwili utulie.

Safari hii nilimweleza yote, duka likiwa tupu, na mkewe amekaa kando. Kwamba wiki tatu za mwanzo atahisi madhara kuliko faida. Kwamba asihesabu siku kwa siku. Alinganishe Ijumaa na Ijumaa. Kwamba kichefuchefu huisha chenyewe, na chakula kabla ya dawa husaidia. Kwamba asimeze dawa nyingine ya maumivu bila kuuliza: tramadoli ikikutana na setralini huweza kupandisha serotonini hadi ya hatari, na diklofenaki au Brufen kwa muda mrefu huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Nikamwambia mkewe pia kwamba akimwona amebadilika, anazungumza habari za kujiua, asingoje miadi. Onyo hilo ni zito zaidi kwa vijana wa chini ya miaka 25, ambao katika wiki za kwanza za dawa hizi hutakiwa kuangaliwa kwa karibu, lakini mimi humwambia kila mtu.

Alikuwa na swali lake. Alikuwa amesoma ile karatasi ndogo ndani ya boksi.

"Hapa pameandikwa dawa ya huzuni. Mimi sina huzuni, dada. Mimi naogopa."

Ni swali la haki. Jina la kundi hili lilitokana na ugonjwa wa kwanza zilioutibu. Leo ndizo za kwanza kwa wasiwasi pia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 wazipendekeza kwa wasiwasi wa kudumu na kwa mashambulio ya hofu, na wasema jamii ya Valium isitumike kutibu maradhi hayo. Kama ni dharura, basi siku tatu hadi saba, si zaidi. Linganisha na miezi mitano.

(Watu huniuliza pia habari za propranololi, ile ya kuzuia moyo kupiga. Ina kazi yake: mtu wa kuhutubia anayetetemeka mikono, kwa mfano. Hutuliza moyo tu, hofu yenyewe haiigusi, na mwenye pumu asiithubutu, kwani huweza kumbana kifua. Dereva wetu aliwahi kupewa na rafiki. Mtoto wake wa pili ana pumu, na dawa ilikuwa imewekwa juu ya friji.)

Kushuka ngazi ya diazepamu kulianza Januari 2025: nusu kidonge kila wiki mbili. Kutoka miligramu ishirini hadi kumi na saba na nusu, hadi kumi na tano, na kuendelea hivyo. Katikati ya Februari alikuwa kwenye kumi, setralini imeshika, na kwa mara ya kwanza aliniambia kitu ambacho sikukiuliza: alikuwa amelala kuanzia saa nne hadi adhana ya alfajiri. Muguka alikuwa ameuacha kwa vishindo, wiki moja nzima ya kulala na kugombana na kila mtu nyumbani. Tuktuk ilikuwa mikononi mwa mdogo wake tangu Desemba kwa amri ya daktari, na mapato yakagawanywa. Hilo liliwaumiza. Watoto walicheleweshewa karo, mkewe akaanza kukaanga viazi karai jioni. Sioni mtu akiliandika jambo hili kwenye vitabu vya dawa, kwamba kushusha Valium kwa usalama kuna bei yake, na mwenye kuilipa ni jikoni.

Ramadhani ilipoingia mwezi wa Machi alitaka kuendelea kushuka. Daktari akakataa: mwezi mzima abaki kwenye kumi, nusu wakati wa futari, nusu wakati wa daku, na setralini baada ya futari. Kufunga hubadilisha usingizi, chakula na kahawa kwa pamoja, na mtu akianza kutetemeka huwezi kujua ni kipi. Watu wengi wa hapa huacha dawa zao mwezi huo bila kumwambia mtu, na Shawwal hutuletea mavuno yake. Setralini ni ya mara moja kwa siku, haigombani na saumu. Kinachotakiwa ni mtu kuuliza mapema.

Baada ya Idi akaendelea. Tano hadi mbili na nusu, na mbili na nusu hadi sifuri, ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote, ikapewa wiki tatu tatu. Mwanzoni mwa Juni akawa hamezi tena.

Kuna jambo moja lililokaribia kuharibu kila kitu, nalo sikulijua mpaka Aprili. Nilipohesabu vidonge nikaona setralini imebaki mingi kuliko inavyopasa. Nikamuuliza, akanyamaza. Mimi ni mwanamke, na ni mdogo kwake. Kuna maneno ambayo mwanamume wa kwetu hatanitamkia. Basi nikayatamka mimi, nikiangalia rafu: kwamba dawa hizi huweza kupunguza hamu ya chumbani, na kwa mwanamume huweza kuchelewesha mwisho wake, na kwamba huwapata wengi na lina namna ya kushughulikiwa. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alikuwa akiruka siku mbili kwa wiki, siku anazozijua yeye. Kuruka kwenyewe kulikuwa kunamletea kizunguzungu na kitu alichokiita shoti kichwani, ambacho ni alama ya kawaida ya setralini kukatika ghafla. Alikuwa ameshaanza kudhani ugonjwa umerudi. Daktari alimwacha kwenye 50 badala ya kumpandisha kama alivyokusudia, wakazungumza naye mkewe akiwepo, na baada ya miezi miwili jambo likapungua, ingawa halikwisha. Alichagua kuvumilia. Mwingine angechagua kubadilishiwa dawa, na angekuwa na haki vile vile.

Na feri? Dawa haikumvusha peke yake. Muuguzi mshauri wa kliniki alimpangia kidogo kidogo: kwanza kuteremka kwa miguu hadi banda la kusubiria, kusimama mpaka mlango ufunguliwe, kisha kurudi. Halafu kuvuka saa nne asubuhi, watu wachache, karibu na reli. Halafu ndani ya tuktuk, mdogo wake akiendesha. Sharti lilikuwa moja, asimeze diazepamu ya ziada kabla ya kuvuka, kwa sababu ukivuka na kidonge, ubongo utakishukuru kidonge. Hautajifunza kwamba hofu hupanda na kushuka yenyewe. Mara ya kwanza alisimama ameshika reli, macho yakiangalia mnazi mmoja upande wa Likoni, moyo ukampiga, ukapanda, kisha, katikati ya maji, ukachoka. Alinionyesha kwa mkono jinsi ulivyoshuka, kama anayeteremsha tanga.

Amerudi kazini tangu Julai. Setralini anaendelea nayo. Daktari amemwambia akae nayo angalau mwaka mmoja tangu apate nafuu, ndipo waanze kuipunguza polepole. Jioni, umati ukiwa mkubwa, bado hapandi. Hungoja hadi baada ya isha, au huvuka na mkewe. Kwenye bahasha zangu siku hizi kila dawa ya kundi hili huandikwa kwa kalamu: "Wiki 3 za kwanza ngumu. Usiache. Nipigie." Na nambari.

Jambo moja limebaki. Miezi yote ya Valium alikuwa akitembea na karatasi ya vidonge kwenye mfuko wa shati, kama hirizi. Hata alipoacha kumeza, karatasi ilikaa pale pale, tupu, mashimo yote yamepasuka. Nilipomuuliza aliitoa akanionyesha, akairudisha, akafunga kifungo. Mshauri amemwambia aiache nyumbani siku moja kwa wiki. Ameanza na Jumatano.